Swali la "Ni Lini" Limechoka

Hotuba ya mkadiriaji majenzi mstaafu mbele ya wahandisi vijana, madiwani na waandishi wa habari, Dodoma. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wahandisi na wakadiriaji majenzi wenzangu, ndugu waandishi wa habari. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie namna Bunge linavyosimamia miradi ya ujenzi ya Serikali inayochelewa. Naomba tuanze na kipindi cha maswali, kile cha asubuhi, ambacho kila mwenye redio anakijua. Mbunge anasimama: "Je, ni lini Serikali itakamilisha ujenzi wa hospitali ya wilaya yetu?" Naibu Waziri anajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa hospitali hiyo, na itaendelea kutenga fedha kwa ajili ya ukamilishaji kadri ya upatikanaji wa fedha. Yanafuata maswali mawili ya nyongeza, mbunge anashukuru, anakaa. Hansard imeandika. Jimboni wamesikia kwamba mbunge wao amewasemea. Jengo liko palepale.

Simlaumu mbunge, na Naibu Waziri pia simlaumu. Kwa swali lile, jibu ni lile. Fedha za mradi haziko kwake, ziko Hazina, na tarehe ya kutoka hata yeye haijui. Ukimlazimisha ataje tarehe ataitaja, na mwaka ujao utamuuliza kwa nini imepita.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupima kazi iliyofanyika na kuandaa hati za malipo. Kwa hiyo jambo ninalotaka kuwaambieni linatoka huko. Jengo la Serikali huchelewa mezani kwanza, ndipo linachelewa saitini. Fundi anaposhusha mwiko, karatasi ilikwisha kukwama miezi kadhaa nyuma. Bunge likiendelea kuuliza habari za saiti, litaendelea kupewa habari za saiti.

Nieleze fedha zinavyotembea, maana hapa ndipo wengi hupotea, wakiwemo waheshimiwa wenyewe. Bajeti inapopitishwa mwezi Juni watu husema fedha zimepatikana. Hazijapatikana. Bunge limetoa kibali cha kutumia hadi kiwango fulani. Fedha yenyewe Hazina huigawa mwezi hadi mwezi kufuatana na makusanyo, utaratibu wa bajeti ya fedha taslimu tulionao tangu miaka ya 1990. Ulikuja kwa sababu nzuri, Serikali isitumie isichokuwa nacho, na mimi si katika wanaotaka ufutwe. Tatizo ni kwamba mkandarasi hakusaini mkataba na makusanyo ya kodi. Alisaini na mwajiri, yaani taasisi ya Serikali yenye mradi, na mkataba wake una siku zilizohesabiwa.

Kila mwezi anaomba kulipwa kazi aliyofanya. Mshauri elekezi, mtaalamu anayemsimamia mkandarasi kwa niaba ya mwajiri, anapima: zege mita za ujazo ngapi, ukuta mita za mraba ngapi, nondo tani ngapi. Akiridhika anasaini hati. Mikataba yetu ya kawaida ya ndani humpa mwajiri siku 28 za kulipa. Ile mikubwa inayofuata FIDIC ya mwaka 1999, masharti ya mikataba ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, humpa siku 56 tangu mshauri apokee madai. Siku zikipita, riba inaanza kuhesabiwa. Zikizidi kupita, kwa mikataba hiyo ya FIDIC mkandarasi anaweza kutoa notisi ya siku 21 kisha akapunguza kasi au akasimamisha kazi kabisa. Hapo hajavunja mkataba. Aliyeuvunja ni mwajiri, yaani sisi.

Sasa nendeni saitini wakati huo. Mtakuta walinzi wawili na tangi la maji. Mtaambiwa mkandarasi ni mzembe, hana mtaji, ana kazi nyingine mkoa wa jirani ameupa kisogo mradi wenu. Inawezekana ni kweli. Wazembe wapo, wengine nimewapimia kazi zao mwenyewe nikiwa na hasira. Lakini kwa kutazama kuta huwezi kumtofautisha mzembe na asiyelipwa. Kuta zote zimesimama vilevile.

Na tofauti hiyo ina bei. Mzembe hukatwa fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku anayochelewa, mpaka ifike ukomo ambao kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei ya mkataba. Serikali inayodaiwa hati tatu haiwezi kumkata mtu. Niliwahi kukaa kwenye shauri la namna hiyo, mradi na mwajiri siwataji. Upande wa Serikali ulikuja na picha za saiti iliyoota majani. Wakili wa mkandarasi alikuja na barua za madai, kila moja ina mhuri wa masijala ya mwajiri wa kupokelewa. Hakusema sana. Alizipanga mezani kwa tarehe. Fidia ikageuka, tukawa sisi ndio tunaomlipa yeye riba, na kreni iliyokaa bure, na kontena la ofisi, na mishahara ya walinzi wale wawili.

Mnaweza kusema nawatetea wakandarasi. Basi tuangalie mahali ambapo hapakuwa na mkandarasi kabisa. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Shilingi trilioni 1.3. Ndani yake kulikuwa na vyumba vya madarasa 15,000, sekondari 12,000 na shule shikizi 3,000, kila chumba Shilingi milioni 20. Fedha zilipatikana mapema na kwa ukamilifu, zikashushwa kwenye halmashauri na shule, na ujenzi ukaenda kwa force account, mafundi wa mtaani na kamati za ujenzi za shule. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, kidato cha kwanza waliingia kwenye madarasa yale. Miezi mitatu. Kazi ya haraka ina makovu yake, na sitasema kila sakafu ya wakati ule ingepita kwenye kipimo changu. Ninachosema ni kwamba mafundi ni walewale, walimu wakuu ni walewale, masika na vuli ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba fedha ilitangulia msingi.

Vuka barabara katika halmashauri hiyohiyo uone boma. Wananchi walichanga, wakafyatua matofali, wakapandisha kuta hadi lenta, wakaambiwa Serikali itapaua. Kwa miaka kadhaa majibu ya bungeni yamekuwa na kiwango kilichozoeleka: milioni 12.5 kumalizia boma la darasa, milioni 50 kumalizia boma la zahanati. Kama mkadiriaji nawaambia, kiwango kimoja kwa maboma yote nchini ni hesabu ya mezani. Boma lililonyeshewa masika manne bila paa limekwisha kula sehemu ya fedha hizo kabla hazijafika. Tofali la juu limelainika, nondo zilizoachwa wazi zina kutu, lenta ina ufa, na kama kulikuwa na mbao, mchwa wameshalipwa. Fedha ikija inatosha kubomoa vizuri. Halafu mkaguzi anakuja kuuliza kwa nini milioni 12.5 hazikumaliza darasa, na anayesimama kujibu ni mwalimu mkuu! Mimi hili linaniudhi kuliko mabilioni yanayotajwa magazetini.

Mfano wa mwisho, wa mradi uliozeeka, halafu niende kwenye Bunge lenyewe. Kwangwa, Musoma. Ujenzi wa hospitali ya rufaa ya Mara, ambayo leo inaitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere, ulianza miaka ya 1970. Ilikuja kupokea wagonjwa baada ya zaidi ya miaka 40. Hesabuni wenyewe chaguzi kuu zilizopita katikati.

Mamlaka ya Bunge hayana upungufu kwenye maandishi. Ibara ya 63(2) ya Katiba inawapa wabunge madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote. Kuna Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC. Kuna LAAC kwa ajili ya halmashauri. Kuna PIC kwa mashirika na mitaji ya umma, na kamati za kisekta kama ya Miundombinu. Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge, Sura ya 296, inaziwezesha kamati kumwita mtu na kudai nyaraka. Zana zipo.

Tuone zinavyotumika. Kabla ya bajeti kamati za kisekta huenda kukagua miradi. Wanavaa kofia ngumu na vizibao, meneja wa mradi anasimama mbele ya bango, anasema mradi umefikia asilimia 78. Kamati inapongeza au inasikitika, inataka kazi iongezewe kasi, inapanda basi. Vijana wangu wahandisi, mnaoandaa yale mabango mnajua asilimia ziko tatu. Kuna ya kazi iliyofanyika, kuna ya fedha iliyolipwa, kuna ya muda uliotumika. Kwenye bango mnaweka ile inayopendeza. Mheshimiwa akidai zote tatu kwa pamoja, mradi unajisema wenyewe. Kazi 60, fedha 35, muda 90: hapo mwajiri halipi. Kazi 30, fedha 55, muda 90: hapo mkandarasi ana fedha ya umma na hajaifanyia kazi, muulizeni dhamana ya benki ya malipo ya awali inaisha lini. Benki haitamkumbusha mtu ikiisha.

Asilimia ina hila nyingine. Reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro iliwekewa jiwe la msingi Aprili 2017 kwa mkataba wa miezi 30. Abiria walianza kusafiri tarehe 14 Juni 2024. Katikati hapo, kwa zaidi ya miaka miwili, ujenzi wa kipande hicho ulitangazwa kuwa umevuka asilimia 90. Haukuwa uongo. Tuta lilikuwepo, mataruma yalikuwepo, stesheni zinang'aa. Lakini vichwa vya treni na mabehewa vilikuwa kwenye mikataba mingine, na asilimia 90 ya mkataba mmoja si asilimia 90 ya safari. Hospitali zetu hivyo hivyo. Jengo la upasuaji asilimia 100, transfoma haijanunuliwa, mashine ya usingizi iko kwenye fungu la wizara nyingine. Mbunge akiulizia jengo atajibiwa kwa haki kabisa kwamba jengo limekamilika.

Kwa mashirika ya umma swali linahama tena. Morocco Square na Kawe 711, miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa pale Dar es Salaam, ilisimama takribani mwaka 2018, ikarejea baada ya 2021. Kikwazo kikubwa kilikuwa fedha na kibali cha kukopa. Hapo hakuna haja ya kamati kupanda ghorofa ya nane kutazama zege. Iulize barua ya kuomba kibali iliandikwa tarehe gani, ilikaa meza ya nani, ikajibiwa tarehe gani. Saa moja inatosha, tena ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Mwenyekiti, nije kwenye muda wa usimamizi wenyewe, maana Bunge nalo linachelewa. Chukueni mwaka wa fedha 2021/22. Ulianza tarehe 1 Julai 2021. CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alikagua, akamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi 2023, ikawekwa mezani Bungeni Aprili, ikajadiliwa na Bunge zima Novemba 2023. Hati iliyokosa kulipwa Agosti 2021 inajadiliwa miezi 27 baadaye. Katibu Mkuu amehamishwa, meneja wa mradi yuko mkoa mwingine, riba imeshalipwa. Kamati inamhoji Afisa Masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi, ambaye kwa uaminifu kabisa anasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimeripoti mwaka huu." Kisha yanapitishwa maazimio, na Mlipaji Mkuu wa Serikali anaandaa majibu. CAG anafanya kazi yake, na kuna ukaguzi wake wa ufanisi ambao wengi hamuusomi na mngefaidika kuusoma. Lakini ripoti ya hesabu zilizofungwa ni ya kuwajibisha. Kuokoa jengo haiwezi, imechelewa.

Mwishoni mwa mwaka 2018 CAG wa wakati ule, Profesa Mussa Assad, alisema kwenye mahojiano na redio ya Umoja wa Mataifa kwamba ripoti zake kutofanyiwa kazi ni udhaifu wa Bunge. Aliitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Sitaufufua ugomvi ule. Ninachokumbusha ni kwamba tulibishana miezi kadhaa kuhusu neno alilolitumia, na jambo alilolisemea, ripoti kutofanyiwa kazi, halikujadiliwa hata kwa nusu ya muda huo.

Kuna watakaosema Bunge lina shilingi. Ndiyo, mbunge anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri. Mmeona inavyokuwa: anashika shilingi kwa ukali, Waziri anaahidi, wenzake wanamwomba, anairudisha. Na nyuma ya pazia kila mmoja anaijua Ibara ya 90, kwamba Bunge likikataa kupitisha bajeti Rais anaweza kulivunja. Kwa hiyo shilingi ni nzuri kwa kupata ahadi. Ahadi ikishapatikana nani anaifuatilia? Uganda wana kamati ya Bunge ya ahadi za Serikali. Kenya wana kamati ya utekelezaji wa maazimio, na Katiba yao, Ibara ya 229, inalipa Bunge miezi mitatu tu kuijadili ripoti ya mkaguzi na kuchukua hatua baada ya kuipokea. Msidhani huko mambo ni shwari. Jengo la ofisi za wabunge wenyewe jijini Nairobi, Bunge Tower, ghorofa 28, lilichelewa miaka kadhaa mpaka likazinduliwa Aprili 2024. Wasimamizi wa miradi iliyochelewa walikuwa wanasubiri mradi uliochelewa!

Sasa niseme jambo ambalo waheshimiwa hawapendi kuambiwa, na wenye marafiki bungeni wawafikishie. Sehemu ya ucheleweshaji huu inapikwa ndani ya ukumbi ule. Kila mwaka Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti huelekeza miradi inayoendelea ipewe kipaumbele kabla ya mipya. Kila mwaka, jioni za kupitisha mafungu, mbunge mmoja baada ya mwingine anasimama kuomba kituo cha afya kipya, chuo cha VETA kipya, jengo jipya la halmashauri. Hakuna anayesimama kuomba jimbo lake lisubiri ili la jirani limalizike. Fedha za majengo matano zinasambazwa kwenye majengo 20, kila moja linapata msingi na jiwe lenye jina la aliyelizindua. Ni kama kupika wali wa watu 20 kwa mkaa wa watu watano: sufuria zote zinapata moto, hakuna unaoiva. Waandishi wa habari nanyi mnachangia. Uzinduzi wa msingi mnauweka ukurasa wa mbele. Hati namba saba iliyokaa siku 140 bila kulipwa hamjawahi kuiandika.

Ndiyo maana nasema swali la "ni lini" limechoka. Diwani kwenye kamati ya fedha, mbunge kwenye kamati yake, mwandishi kwenye mkutano na waandishi, ulizeni hati. Ya mwisho kulipwa ni namba ngapi, na ya mwisho kusainiwa ni namba ngapi? Ikiwa iliyosainiwa ni ya 11 na iliyolipwa ni ya 7, mmeshajua kila kitu kuhusu saiti ile bila kuchafua viatu. Dai la pili ni tarehe na kiasi cha kila mgao wa fedha kutoka Hazina kwenda kwenye mradi, mwezi kwa mwezi, uwekwe kando ya kile Bunge lilichoidhinisha. Mtashangaa ni kiasi gani hushuka Juni, wiki chache kabla mwaka wa fedha haujafungwa na salio halijarudi Hazina. Mtu anapewa milioni 400 tarehe 18 Juni atumie kabla ya tarehe 30, na unategemea ajenge! Dai barua zote za kuongeza muda, kwa sababu kila nyongeza ina sababu iliyoandikwa na mshauri elekezi kwa saini yake, na humo ndimo ukweli ulimo: mvua, mabadiliko ya michoro, au malipo. Mabadiliko ya michoro, ndugu zangu, yanastahili hotuba yake. Kuna majengo yamebadilishwa ngazi mara mbili kwa sababu bosi mpya hakuipenda ya bosi wa zamani.

Nyaraka hizi ziletwe kwenye mkutano wa Bunge wa Januari na Februari. Wakati huo nusu ya mwaka wa fedha imepita na nusu bado, fungu linaweza kuhamishwa na mradi ukapona. Zikija pamoja na bajeti inayofuata, zinakuwa historia.

Mtakutana na kizuizi kimoja na nawaandaa. Afisa atasema mkataba ni siri kati ya pande mbili. Kuna vipengele vya siri kweli, bei za ndani za mzabuni kwa mfano. Tarehe ya kulipwa hati si siri ya biashara ya mtu yeyote, ni mwenendo wa fedha za umma. Mbele ya kamati ya Bunge Sura ya 296 inatosha. Diwani naye ni sehemu ya baraza ambalo ndilo mwajiri kwenye mkataba wa halmashauri, kwa hiyo anaomba kuona mkataba wake mwenyewe. Akikataliwa, aombe kukataliwa huko kuandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kwa jina la aliyekataa na sababu aliyotoa. Muhtasari huo mkaguzi atausoma.

Nakushukuru, Mwenyekiti. Niko tayari kwa maswali, na lile la ngazi nitalijibu bila kutaja wizara.